Kumbi Si Usumba

Watu wawili wakigombania shamba, kadhi huuliza mpaka uko wapi. Wakigombania neno, huambiwa waache upuuzi, kwa kuwa maneno ni mengi na kila mtu huchukua alipendalo. Hukumu hii ya pili ni mbaya kuliko kutokuwa na hukumu kabisa, maana humpa mvamizi haki sawa na mwenye shamba. Maneno mawili ya Unguja yamefikwa nayo. La kwanza ni kumbi, la pili ni usumba. Yote mawili hutaja kitu kitokacho katika nazi, na yote mawili hutaja kitu ambacho bado hakijasokotwa. Kwa sababu hizo mbili, wafasiri wengi, waandishi wa vitabu vya shule, na hata baadhi ya walimu wa lugha huyachukua kuwa ni neno moja lenye sauti mbili. Wengine wamekwenda mbali zaidi: wameyatupa yote mawili, na mahali pake wameweka "nyuzi za nazi". Wa kwanza wamechanganya vitu viwili. Wa pili wametaja kitu cha tatu ambacho hakipo.

Kumbi ni ganda nene la nje ambalo hubaki nazi inapokwisha kufuliwa juu ya kifuo. Usumba ni kile kipatikanacho kumbi likisha kuozeshwa, likapondwa, likaoshwa, likaanikwa na kuchambuliwa, hata ukabaki unywele mtupu usio na unga wala takataka. Uzi ni usumba uliosokotwa. Kamba ni nyuzi zilizopotwa pamoja. Hayo ni majina manne ya hali nne, na baina ya kila hali na hali nyingine pana kazi ya mikono. Asemaye kwamba majina hayo ni mamoja hana budi kusema pia kwamba kazi ile haikufanywa.

Inafaa kazi yenyewe itazamwe, kwa sababu maana ya maneno haya imekaa humo. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Chwaka kushuka Bwejuu, Paje na Jambiani hata Makunduchi, miamba ya nje huzuia mawimbi, na ndani yake hubaki maji yaliyotulia ambayo hupwa na kujaa. Hapo ndipo wanawake huzika makumbi. Huchimba mashimo katika mchanga na tope, huyapanga makumbi, huyafukia na kuyakandamiza kwa mawe ili maji yasiyachukue. Kisha huyaacha miezi mingi. Maji ya chumvi huingia na kutoka, na vijidudu visivyoonekana kwa macho hula kile kinachoushikanisha unywele na unywele. Siku ya kuyazikua, harufu yake humfukuza mgeni. Mwenye kazi haifukuzi pua yake. Hukaa chini, akaweka kumbi juu ya jiwe au gogo, akaliponda kwa mti hata unga ukatoka na unywele ukabaki. Huuosha, huuanika juani, huuchambua. Hapo, wala si kabla ya hapo, ndipo alipopata usumba.

Kazi bado haijakwisha. Huchukua kidogo cha usumba baina ya viganja, au juu ya paja, akausokota upande mmoja hata ukawa uzi. Huchukua nyuzi mbili akazipota pamoja kwa upande wa kinyume, ili uzi mmoja ukitaka kujifungua uzuiwe na wa pili. Nguvu yote ya kamba imo katika ugomvi huo wa pande mbili. Unywele wa usumba ni mfupi, na ukivutwa peke yake huchomoka mara moja. Uzima wa kamba hautoki katika urefu wa unywele, hutoka katika msokoto. Kwa hiyo msokoto si jambo la pembeni katika maana ya neno uzi, ni moyo wake. Kuita usumba "nyuzi" ni kukiita kitu kwa jina la sifa ambayo hakijaipata, kama kumwita mwari mama wa watoto kwa kuwa huenda siku moja atazaa.

Sarufi nayo inashuhudia. Kumbi huhesabiwa: kumbi moja, makumbi mia. Usumba hauhesabiwi. Hakuna asemaye usumba mmoja na sumba mbili. Usumba huwa mwingi au kidogo, na hupimwa kwa mzigo au kwa mizani. Uzi na kamba hupimwa kwa urefu, kwa mkono, kwa wari, kwa pima. Vitu viwili ambavyo kimoja huhesabiwa na kingine hupimwa kwa uzito haviwezi kuwa kitu kimoja, na lugha ambayo imeviweka katika ngeli mbalimbali haikufanya hivyo kwa kusahau.

Sasa na yasikilizwe maneno ya upande wa pili, maana si haki kumshinda mtu ambaye hakupewa nafasi ya kusema. Hoja zao ni tatu.

Hoja ya kwanza ni kwamba wenyeji wenyewe husema "makumbi" kwa vyote, na kwamba kamba yenyewe huitwa kamba ya makumbi. Ni kweli kwamba huitwa hivyo. Lakini jina la asili ya kitu si jina la kitu. Husemwa unga wa muhogo, wala hakuna aliyedhani kwamba unga na muhogo ni kimoja, au kwamba mtu akitumwa dukani kununua unga anaweza kurudi na muhogo mbichi. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha lugha ya Unguja kilichapishwa 1870, aliandika usemi "makumbi ya usumba" kwa maana ya makumbi yaliyosafishwa. Wapo wanaouleta usemi huo kama ushahidi kwamba maneno haya ni mamoja. Kumbe ni ushahidi wa kinyume. Kama kumbi na usumba ni kitu kimoja, usemi huo ungekuwa sawa na kusema "maji ya maji". Uliwahitaji watu wa Unguja kwa sababu kulikuwa na makumbi ambayo si ya usumba, na mwenye kununua alitaka kujua analipia yapi.

Tena kuna kipimo ambacho kila mtu wa Mji Mkongwe anaweza kukifanya bila kitabu. Godoro la kale lililojazwa unywele wa nazi huitwa godoro la usumba, kama vile lingine huitwa godoro la sufi. Na aitwe mgeni nyumbani, aonyeshwe kitanda, aambiwe kwamba atalala juu ya godoro la makumbi. Atacheka, au atakasirika. Hatauliza kamusi inasema nini, maana mgongo wake utakuwa umekwisha kufahamu tofauti.

Hoja ya pili ni kwamba lugha ya kisasa inahitaji maneno machache yenye mapana, na kwamba sayansi haiwezi kusubiri msamiati wa pwani. Kwa nini, huulizwa, pasiwe na neno moja "nyuzi" kwa unywele wa mnazi, wa mkonge, wa pamba, wa chakula na wa kioo kipitishacho habari? Jibu limo ndani ya swali lenyewe, katika neno mkonge. Mkonge uliingizwa Tanganyika 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Mmea huo ni mgeni katika nchi, hata hivyo Kiswahili hakikuchelewa kuugawa: mti ni mkonge, na unywele wake uliotengenezwa kiwandani ni katani. Hakuna mfanyabiashara aliyekubali kuuza katani kwa bei ya majani ya mkonge kwa sababu ya upendo wa maneno machache yenye mapana. Mashamba yalikuwa makubwa, meli zilingoja bandarini Tanga, fedha zilihesabiwa. Basi tofauti ilishikwa na jina likadumu. Mkonge kwa katani ni kama kumbi kwa usumba, hatua kwa hatua. Ikiwa tofauti ya kwanza huitwa elimu ya biashara, na ya pili huitwa upuuzi wa vizee wa pwani, basi kilichopimwa si lugha. Kilichopimwa ni kimo cha wanaoisema.

Watataja pia "pamba nyuzi", jina ambalo hutumika kwa pamba iliyotolewa mbegu. Ni kweli linatumika, nalo lisilaumiwe sana. Pamba ile ilitafutiwa jina la kuipambanua na pamba mbegu, na wenye haja waliunga walichokuwa nacho. Asiye na jina hukopa. Lakini mwenye jina kibindoni akienda kukopa kwa jirani, huyo si mhitaji, ni mpotevu.

Hoja ya tatu ndiyo yenye sumu. Husemwa kwamba Kiingereza ni lugha sahihi, na Kiswahili ni lugha ya makadirio. Kwa hiyo tofauti za Kiswahili zisipopatana na tofauti za Kiingereza, za Kiswahili ndizo ziondolewe. Wanafunzi wengi huamini jambo hili bila kuambiwa, na mwalimu ambaye hulitibu kwa kunyamaza hulilisha. Na lipimwe katika uwanja huu huu wa unywele na uzi, pasipo kuhama.

Neno ambalo Waingereza hutumia kwa usumba ni "coir". Walilichukua India, katika Kimalayalam, lugha ya watu wa Kerala, na huko asili yake ni kamba. Yaani Mwingereza alipokiona kitu ambacho hakijasokotwa, alikipa jina la kitu ambacho kimekwisha kusokotwa, akaendelea nalo karne kadha wa kadha. Hakuna ubaya katika hilo. Kila lugha hukopa kwa bahati yake. Lakini mtu ambaye ameita usumba "kamba" hawezi kusimama mbele ya Mswahili kumfundisha mpaka baina ya usumba na kamba.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Kiingereza kina vitenzi viwili, "ravel" na "unravel". Kwa sura, cha pili ni kinyume cha cha kwanza, kama vile kufungua ni kinyume cha kufunga. Kwa maana, vyote viwili vinaweza kutaja kitu kimoja: kuachana kwa nyuzi zilizokuwa pamoja. Tena hicho cha kwanza kimetumika kwa kutatiza na kwa kutatua, hata msomaji hana budi kuangalia maneno ya jirani ili ajue kama uzi unaingia tatani au unatoka. Kiswahili katika mahali hapo hakina giza. Kutata ni kutata, na kutatua ni kutatua. Kufuma ni kufuma, na kufumua ni kufumua. Kusokota ni kusokota, na kusokotoa ni kusokotoa. Kiambishi kinaposema kwamba kazi imepinduliwa, kazi imepinduliwa kweli.

Na jambo la tatu limo katika Shakespeare mwenyewe. Katika Macbeth, tamthilia ambayo S. S. Mushi aliifasiri na ikachapishwa 1968 kwa jina la Makbeth, muuaji anausifu usingizi ambao amekwisha kuupoteza, na humo hutumia neno la hariri ambayo haijasokotwa, "sleave". Neno hilo kwa sauti halitofautiani na "sleeve", mkono wa nguo. Toleo la 1623 liliandika tahajia ya mkono wa nguo, na wahariri wa karne ya 18 wakaja kueleza kwamba hariri ndiyo iliyokusudiwa. Hata leo yuko asomaye akadhani usingizi unashona mkono wa kanzu uliochanika. Waingereza hawakusema kwamba tofauti hiyo ni upuuzi. Waliandika maelezo, wakabishana, wakaifundisha vijana wao, kwa sababu neno moja la unywele usiosokotwa lilikuwa limebeba maana ya shairi zima. Anayetaka kuiga Waingereza na awaige katika hilo.

Hoja zote tatu zikisha kujibiwa, hubaki swali la haki: kosa hili limeingiaje? Halikuletwa na ujinga mtupu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikubali kwamba Kiswahili sanifu kitajengwa juu ya lahaja ya Unguja. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi 1930, na kamusi kubwa ya Frederick Johnson ikatoka 1939. Watu wa Unguja walijivunia heshima hiyo, na wana haki. Lakini Unguja iliyochaguliwa ilikuwa Unguja ya mjini. Lugha ya Shangani, Malindi na Forodhani iliketi kitini. Lugha ya Makunduchi, ambayo wenyewe huiita Kikae, ilibaki mlangoni na kuitwa lahaja. Sasa mjini ndiko kamba inakouzwa, wala siko inakosokotwa. Mtu wa mjini huiona kamba imekwisha, huona na kumbi jikoni linapotupwa. Kile kilichopo katikati, kile cha shimoni na cha juu ya paja, hakioni. Kwa hiyo maneno ya mwanzo na ya mwisho yalikuwa salama, na maneno ya katikati yakawa mayatima. Kwa bahati njema wapo waliokusanya. Haji Chum wa Makunduchi alikusanya msamiati wa pekee wa Kikae, na mkusanyo wake ulichapishwa 1994. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha 2010. Kazi imeanzwa; udhuru wa kwamba maneno hayapatikani umekwisha.

Itaulizwa: je, kuna anayeumia? Lugha ikipoteza neno moja la unywele, nani atalala njaa? Swali hilo lina jibu lisilo la kitabu. Bei ya kitu hufuata jina lake. Kumbi katika macho ya watu ni takataka. Hutiwa motoni kupikia, hutupwa nyuma ya nyumba. Mwanamke aletaye "makumbi" sokoni ameleta takataka, na hulipwa kama aliyeondoa uchafu njiani. Aletaye usumba ameleta miezi ya maji ya chumvi, ameleta kuponda na kuanika na kuchambua. Mnunuzi mwerevu hupenda kununua usumba kwa jina la makumbi. Basi msomi anayemfundisha kwamba majina hayo ni mamoja amemsaidia mnunuzi huyo bila kulipwa, na amemnyang'anya mwanamke yule ushahidi pekee alio nao wa kazi ambayo haionekani tena. Shimo limefukiwa, harufu imekwisha, vidonda vya mikono vimepona. Kilichobaki ni neno. Likichukuliwa na hilo, atadai kwa nini?

Wala wakati haumngoji. Kilimo cha mwani kilipoanza katika pwani hiyo hiyo 1989, wanawake wale wale waliingia majini kwa kazi nyingine, na kamba za mwani ni za plastiki zitokazo dukani. Hakuna wa kulaumiwa katika hilo: mtu hufuata riziki ilipo, na plastiki haidai miezi ya kuzikwa. Lakini kazi inapopungua, maneno yake hupungua mbele yake, na neno ambalo halikuandikwa sawasawa leo halitasahihishwa kesho, kwa kuwa atakayelisahihisha hatakuwapo.

Na kilicho hatarini si riziki peke yake, ni kumbukumbu ya bahari nzima. Mwandishi Mgiriki wa karne ya kwanza, katika kitabu cha safari za Bahari ya Eritrea, alitaja majahazi yaliyoshonwa katika pwani hii. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa 1331, baadaye alikaa Maldivi, na huko alieleza jinsi makumbi yalivyotiwa katika mashimo ya pwani, yakapondwa, wanawake wakasokota, na kamba zikashona majahazi ya India na Yemen. Msomaji wa Jambiani akipewa maelezo hayo hatahitaji mfasiri: atauona mkono wa bibi yake. Mtepe, jahazi la pwani ya Waswahili lililoshonwa kwa kamba bila msumari, lilikuwa mtoto wa kazi hiyo. Mfano wake uliojengwa upya uliwekwa katika jumba la Beit al Ajaib, Mji Mkongwe, ili vijana wauone. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka. Mawe hujengwa tena kwa chokaa na fedha. Lakini siku mfano mwingine utakapotakiwa, fundi atahitaji kumwagiza mtu usumba, tena ulio safi. Na akiletewa gunia la makumbi kwa kuwa chuoni walifundishwa kwamba ni yale yale, hataweza kushona hata ubao mmoja.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya pwani, na kwamba vyuo vina shughuli kubwa zaidi. Na aangalie meza yake mwenyewe. Fasihi hufanyiwa uchambuzi: neno hilo limetoka kwa mwenye kuchambua pamba na usumba, aondoaye takataka na kubakiza kinachofaa. Vitenzi hunyambuliwa: neno hilo limetoka kwa mwenye kunyambua kitu laini, akivuta sehemu na sehemu. Matatizo hutatuliwa: neno hilo limetoka kwa mwenye kushika uzi uliotata. Elimu nzima ya lugha imeketi juu ya mkeka uliosukwa na watu wale wale ambao maneno yao huitwa madogo. Tena kuchambua si kunyambua. Mwanafunzi aliyeambiwa achambue shairi akalinyambua, akarudisha vipande vyote bila kutenga kizuri na kibovu, hupewa alama ndogo, na ni haki yake. Mwalimu ambaye hushika tofauti hiyo katika mtihani hana sababu ya kuiacha ile nyingine katika kamusi.

Hata watoto hawahitaji kushawishiwa katika jambo hili. Kutoka mnazi huo huo, kila mtoto wa Unguja hutofautisha kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Kutoka shambani hutofautisha mpunga, mchele na wali, ambavyo Mwingereza hujaza vyote katika neno moja. Kutoka kwa mama yake hujua kwamba ukindu huchanwa ukawa chane, chane zikasukwa zikawa ukili, ukili ukashonwa ukawa mkeka. Mtu akimwambia mtoto huyo kwamba chane na mkeka ni kitu kimoja, atamhurumia. Huo ndio mwendo wa Kiswahili mahali popote penye kazi: hali hubadilika, jina hubadilika nayo. Kumbi na usumba hazikuomba upendeleo. Zimeomba sheria ile ile iliyokwisha kutumika kwa mchele.

Kinachotakiwa kufanywa si kigumu. Kamusi zieleze usumba kwa kazi iliyoufanya, wala si kwa kumrudisha msomaji kwenye kumbi kama mtu aliyegonga mlango akaambiwa aende kwa jirani. Mfasiri akikutana na "coir" aulize kwanza: je, mwandishi anataja ganda, unywele uliosafishwa, uzi, au kamba? Kiingereza hakitamwambia, maana ya habari itamwambia, na Kiswahili kitampa jina. Neno uzi liachiwe msokoto wake. Na wanafunzi wa vyuo, ambao huenda mbali kutafuta mada za tasnifu, wapande gari kutoka Mji Mkongwe hata Makunduchi, safari ambayo haimalizi nusu ya siku, wakakae chini na kusikiliza, daftari mkononi.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Pabovu katika kamba hii si mwanzo wake, maana kila mtu analijua kumbi. Wala si mwisho wake, maana kila mtu anaijua kamba. Ni hapo katikati, palipo na usumba, ambapo mikono ilifanya kazi na wenye kalamu hawakuwapo.